Kabati la Chuma la Ghorofani

Wanangu mnaofunga mitandao hapa Baraka, leo nitasema nanyi kwa ukali, na sitaomba radhi. Nimeshastaafu. Macho yangu hayatofautishi tena rangi za nyuzi ndani ya kebo. Lakini kila ninapoingia jengo la watu bado naangalia juu ya kuta, kama mshonaji mzee anavyoangalia mishono ya nguo za wenzake kanisani.

Wiki iliyopita niliingia nyumba moja yenye ofisi tano. Intaneti ni moja, imeletwa kwa ajili ya wote. Nikauliza ruta iko wapi. Sekretari akanionyesha mlango uliofungwa, akasema iko mle ndani kwa mkurugenzi, na mkurugenzi amesafiri Bukavu. Nikauliza nani aliiweka humo. Akaniambia ni kijana mmoja hodari sana, alimaliza kazi yote asubuhi moja.

Hodari. Nilitoka bila kunywa chai niliyotengewa.

Ruta ni kisanduku kidogo, mnakijua. Kinapokea intaneti kutoka kwenye antena, kinaigawa kwa hewa kwenye kompyuta zote za jengo. Ukikifungia kwa mkubwa mmoja, umemkabidhi midomo ya watu wote, aifungue na kuifunga apendavyo. Mkubwa anapokuambia, "Weka kwangu, ndipo penye usalama," usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka. Ngoja niwaambie nani aliumia.

Mimi nilianza kazi kwenye foni, ile redio ya kuita mbali, kabla ya simu za mkononi kufika huku. Nilikaa Nundu miaka mingi na kipaza sauti mkononi, naita Baraka, naita Uvira, narudia jina la dawa mara nne ili lisikike. Watu walinicheka kwamba hata nyumbani nikimaliza kusema nasema "nakusikiliza". Kompyuta zilipofika waliniuliza kama naogopa. Nikasema mtu aliyezoea kuzungumza na upepo haogopi skrini. Hapo ndipo waliponipa jina la Mama Antene.

Aliyenifundisha ni Papa Kashindi wa Uvira, mzee mfupi, mkimya, anayebeba bisibisi kwenye soksi. Hakunifundisha kwa kitabu. Alinifundisha kwa kosa langu, tena la aibu. Kulikuwa na jengo la ofisi tatu kule Nundu, na intaneti haikufika chumba cha mwisho. Nikapata ruta ya pili, nikaiunganisha, nikaenda zangu nikijisifu. Kesho yake nusu ya kompyuta zikafa. Zinaonyesha zimeshika mtandao, lakini hakuna kinachofunguka. Nikawaambia watu ni mvua. Mvua ikaisha. Nikawaambia ni setilaiti. Siku nne nilipanda juu ya bati, nikigeuzageuza ile sahani ya antena hadi nikaipotezea mwelekeo kabisa, na hata kompyuta zilizokuwa nzima zikafa.

Papa Kashindi alifika kwa gari la mizigo, akaketi, akaomba maji. Kisha akaniuliza, "Ni nani iko nagawa namba humu?"

Nikasema ni ruta.

"Ruta gani?"

Hapo niliona kosa kabla hajanyoosha kidole. Kila kompyuta inayoingia kwenye mtandao inapewa namba yake, kama mtu anavyoonyeshwa kiti chake kwenye karamu. Mimi nilikuwa nimeweka wagawaji wawili mlango mmoja. Mmoja anampeleka mgeni huku, mwingine kule, na wageni wanabaki wamesimama. Papa Kashindi alimnyamazisha mgawaji mmoja kwa kubonyeza mahali pamoja tu. Siku nzima iliyobaki alinisaidia kurudisha antena kwenye mwelekeo wake. Wakati wa kuagana alisema, "Mbele ya kulaumu mbingu, angalia mikono yako kwanza."

Nikadhani nimelielewa neno lile.

Baadaye nilihamia Baraka, kwenye nyumba ya ghorofa moja isiyo mbali na soko. Juu kulikuwa na ofisi ya mradi fulani wa maendeleo. Chini kulikuwa na umoja wa wakulima, bohari ndogo ya dawa, na meza moja iliyosaidia walimu kupeleka karatasi za shule. Wafadhili walileta antena moja, na karatasi yao ilisema wazi kwamba intaneti ni ya nyumba nzima. Nilikuwa fundi wa nyumba. Ruta niliiweka mimi, juu ya ngazi, katikati, mahali ambapo mawimbi yanashuka chini na kuenea juu bila kugombana na kuta za matofali. Hiyo ndiyo sehemu yake. Katikati, juu, wazi.

Mwaka wa kwanza hatukuwa na shida isipokuwa moja, nayo bado inanichekesha. Bati lilitoboka, mvua ikawa inadondokea karibu na ruta. Mama Feza, sekretari wa umoja wa wakulima, mwanamke mwenye huruma hata kwa vitu, akaifunika kwa sufuria. Intaneti ikapotea nyumba nzima. Nilipopanda ngazi nikaiona sufuria imekaa pale kama kuku anayeatamia, nikacheka hadi nikaketi. Mama Feza akasema aliona kitu kitalowa, sasa angekiacha? Nikamweleza kwamba mawimbi hayapendi chuma. Yanapita kwenye mbao, yanajikokota kwenye matofali, lakini kwenye chuma yanagonga na kurudi. Aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza maelezo yale ni Chef Anaclet.

Chef ni bosi kwa Kifaransa, na Anaclet alikuwa mkubwa wa ule mradi wa juu. Mtu safi, viatu vinang'aa hata wakati wa matope, na sauti yake ni ya upole. Hakunikaripia hata siku moja. Alikuwa ananiita "ingénieur", yaani mhandisi, mimi niliyeishia darasa la nne la sekondari, na kila aliponiita hivyo nilikuwa nanyooka mgongo. Siku moja aliniuliza kama inawezekana kompyuta moja ipewe nguvu kuliko nyingine. Nikamwambia inawezekana, hata mimi huwa nafanya hivyo Ijumaa ili muuguzi wa bohari apeleke ripoti yake upesi. Nikamfungulia ukurasa wenyewe kwenye skrini. Nikamwonyesha pa kuandika mgao wa kila kompyuta. Nikampa na neno la siri, kwa kuwa alisema mkubwa wa nyumba anapaswa kulijua.

Sikilizeni vizuri hapo. Hakuniibia. Nilimpa kwa mikono yangu, kwa sababu ya jina moja la Kifaransa.

Kuanzia mwezi ule watu wa chini wakaanza kulalamika. Mama Feza alinijia kila asubuhi. "Mama Antene, huku chini iko nazunguka tu." Nikapima, nikaona mgao wa chini umekuwa wa kulisha kuku. Nikajaribu kuurudisha, nikakuta neno la siri limebadilishwa. Nikamwendea Chef. Hakukasirika. Alinikaribisha kiti, akaniambia kwa upole, "Chini kuko bakulima na bamama ba mihogo. Bale banatafuta nini mu internet?"

Nikamkumbusha ile karatasi ya wafadhili. Akasema karatasi anaijua, yeye ndiye aliyeisaini. Nikashuka. Mama Feza aliponiuliza, nikamwambia réseau, yaani mtandao, ni mbaya siku hizi.

Ndiyo, mimi. Nilisema hivyo. Nyinyi mnasema hivyo kila siku, nami najua ladha yake mdomoni.

Kisha akaihamisha ruta. Nilikuja asubuhi moja nikakuta juu ya ngazi kuna misumari tu. Ilikuwa ofisini kwake, ndani ya kabati la chuma, kufuli mlangoni. Alisema ni kwa sababu ya wezi. Mtu aliyesikia habari ya sufuria kwa masikio yake. Kebo moja ilitoka kwenye tundu la kabati hadi kwenye kompyuta yake, nyingine hadi kwa msaidizi wake, kijana anayeitwa Trésor. Wote wengine wakabaki na kile kilichoweza kupenya kwenye nyufa za mlango.

Wakati huo ndipo alipofika Mwalimu Wilondja.

Alitoka Lubondja, sehemu kwa miguu, sehemu kwa pikipiki, maana mvua ilikuwa imekata njia. Alikuwa amebeba orodha ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaotakiwa kuandikishwa kwa mtihani wa taifa. Kule kwao hapakuwa na intaneti hata ya kuota. Orodha aliiandika kwenye kompyuta ya kuazima, akaitia kwenye fleshi, akaifunga fleshi kwenye leso, leso akaitia mfuko wa ndani wa koti. Ilikuwa na mafungu matatu, kila fungu na picha za watoto. Ofisi ya kupokea ingefunga siku ya tatu, saa kumi jioni.

Siku ya kwanza alikaa kwenye ile meza ya walimu, mbele ya kompyuta ya Mama Feza, tangu asubuhi. Fungu la kwanza lilifika nusu, likakatika. Siku ya pili vilevile. Mimi nilizunguka na simu yangu, nasogeza meza, nafungua milango, kama vile tatizo lilikuwa meza. Mwalimu hakulalamika. Mama Feza alimletea bugali na samaki, akala bila kuondoa macho kwenye skrini. Nilimwambia pole, akajibu, "Mi nitangoja. Batoto ndio habawezi kungoja."

Siku ya tatu Chef Anaclet alikwenda mkutano Fizi, na ufunguo wa kabati ukaenda naye mfukoni. Nikapanda. Trésor alikuwa peke yake, anashusha mechi za mpira, tatu kwa pamoja, hata hazitazami, anaziweka tu kwa ajili ya Jumapili. Nikamwomba aingize fleshi ya Mwalimu kwenye kompyuta yake kwa dakika chache. Alinijibu kwa heshima kamili. "Mama, chef alikataza. Fleshi ya inje inaleta virusi."

Nikamwambia basi asimamishe mechi. Akasema sawa. Nikashuka, nikangoja, hakuna kilichobadilika.

Ilikuwa saa saba mchana. Nilisimama kwenye ngazi nikisikia vitu viwili kwa wakati mmoja: chini, Mwalimu anabonyeza tena kwenye ile kompyuta isiyojibu, juu, Trésor anapiga mluzi. Nikamkumbuka Papa Kashindi. Nikaangalia mikono yangu, nikaona kwamba mimi ndimi niliyeonyesha jinsi ya kugawa, mimi niliyetoa neno la siri, mimi niliyesema réseau ni mbaya. Nikaenda kuchukua bisibisi.

Makabati ya chuma yanayotengenezwa hapa Baraka, kufuli ni kubwa lakini bawaba ziko nje. Nilifungua skrubu sita. Trésor alisimama akasema atamwambia chef. Nikamwambia amwambie, na asisahau kusema skrubu zilikuwa sita. Mlango ukatoka, nikauegemeza ukutani. Nikabeba ruta hadi juu ya ngazi na kuiweka kwenye kiti, na kebo ya antena ikatosha kufika kwa kuvutwa. Neno la siri sikulijua, kwa hiyo nikamwomba Mama Feza pini ya kitenge chake, nikabonyeza lile tundu dogo la nyuma hadi ruta ikasahau kila kitu ilichoambiwa. Nikaanza upya, kwa karatasi ya namba niliyokuwa nimeitunza tangu siku ya kwanza. Wekeni karatasi hizo, wanangu. Msiziache kwenye simu, simu huanguka ziwani.

Saa tisa kasoro, nyumba nzima iliwaka. Mama Feza aliita kutoka chini kwamba imekuja. Fungu la kwanza likapita. La pili likapita. Mwalimu alishika kichwa kwa mikono miwili, akacheka.

Sasa nisikilizeni, maana hili halina mwingine wa kulaumiwa. Ruta ilipofutwa, migao yote ilifutika. Kila kompyuta ikawa sawa na nyingine, na kompyuta zote zilikuwa na njaa ya miezi. Bohari ikaanza kupeleka ripoti zilizolala. Wakulima wakafungua barua. Kompyuta zenyewe, bila mtu kuziagiza, zikaanza kujisasisha. Trésor akarudisha mechi zake. Na mimi, fundi, nilikuwa nimesimama chini naona raha kuwatazama watu wakifurahi. Sikuwaambia wangoje. Sikuandika mgao mmoja tu wa saa moja kwa ajili ya kompyuta ya Mama Feza, kazi ya dakika mbili, ile ile niliyomfundisha Chef.

Fungu la tatu lilianza kupanda, likapunguza mwendo, likasimama. Nilipogundua nikakimbia, nikawazimia watu kompyuta bila salamu. Likaendelea. Lilifika mwisho saa kumi na dakika kadhaa. Jibu lilirudi upesi sana, mstari mmoja: maandikisho yamefungwa.

Fungu lile lilikuwa la wasichana watano.

Mwalimu alisoma ule mstari, akausoma tena. Akachomoa fleshi, akaifunga kwenye leso. Chef Anaclet alirudi kesho yake asubuhi, akamkuta bado yupo, akamshika bega. Alimwambia hayo ndiyo maisha yetu, réseau ya nchi hii ni ya kukatakata, ajipe moyo. Mwalimu akamshukuru. Nilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Akaondoka na maneno yale kwenda nayo Lubondja.

Mimi nilipewa barua ya kuachishwa kazi, kwa kuharibu mali ya ofisi. Mali yenyewe ni skrubu sita. Nilimaliza siku hiyo nikimfundisha Mama Feza jinsi ya kuzima na kuwasha ruta, kisha nikabeba vyombo vyangu.

Nyumbani sikuweza kukaa. Hasira haikuwa ya barua. Ilikuwa ya yale maneno yaliyopanda njia ya Lubondja. Watoto wataambiwa ni réseau, na watakubali, kwa sababu tumewazoesha kukubali. Siku ya nne nikachukua pikipiki.

Mwalimu alinipokea kwa mshangao. Nilimwomba aniitie wale wasichana watano pamoja na wazazi wao. Tulikaa ndani ya darasa, mimi mbele, nikiona aibu kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Nikawaambia kila kitu: migao, kabati, mechi, na ile saa moja yangu ya furaha. Nikamaliza kwa kusema réseau haikukataa, watu ndio walikataa.

Baba mmoja, mkulima aliyekuja kutoka Burundi zamani kwa kukimbia vita, aliuliza kama kuna kitu kinaweza kufanyika mwaka ule. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa taratibu, akaangalia nje kwenye mihogo. Binti yake ni Espérance. Yeye alifungua daftari.

"Ni batu gani?" aliniuliza.

Nikamtajia Chef Anaclet. Nikamtajia Trésor. Akaandika. Kisha akaacha kalamu imesimama juu ya karatasi, akanitazama. Nikasema, Mama Antene.

"Jina la kweli."

Nikalisema. Mwasiti. Akaliandika chini ya yale mawili, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Wakulima na bohari hawakunyamaza. Waliwaandikia wafadhili, barua ndefu, Mama Feza akaipeleka kwa ile ile intaneti. Baada ya miezi kadhaa Chef Anaclet alihamishiwa mji mwingine. Walimfanyia sherehe, wakampa cheti, na sikusikia kwamba aliwahi kumwambia mtu yeyote pole. Ruta ilirudi juu ya ngazi, ndani ya kizimba cha nyavu za waya zilizo wazi, ufunguo ukiwa kwa kamati. Nami nikaitwa tena. Nilikataa mara ya kwanza, mara ya pili nikaenda, kwa sababu wiki zile za kuandikisha wanafunzi zilikuwa zinakaribia tena.

Mwalimu Wilondja alikuja mapema, siku kumi kabla ya kufungwa. Njia ilikuwa kavu. Alinipa fleshi yeye mwenyewe, nikafungua mafungu, nikaanza na lile la wasichana, kabla ya yote. Nikahesabu majina. Espérance alikuwa wa kwanza. Walikuwa wanne.

Nikamuuliza juu ya wa tano, Furaha, yule aliyekaa karibu na mlango siku ile, asiyeuliza kitu.

Mwalimu alikuwa bado anavuta kiti ili aketi. Alisema ameolewa. Baba yake alisema mwaka mzima ni mrefu sana kwa binti kukaa bure nyumbani.

Nikabonyeza. Orodha ikapokelewa kabla Mwalimu hajaketi.